Uulize Mshumaa Wenyewe

Msikilizaji, leo nina ombi. Kama uko nyumbani na una mshumaa, uwashe. Ukae mahali ambapo upepo haupigi, upunguze taa kama umeme upo, na watoto waje karibu, ila kazi ya kushika moto iwe ya mtu mzima. Kama uko ndani ya basi, au mshumaa huna, usiwe na wasiwasi. Nitakusimulia yote, na kesho utajaribu mwenyewe.

Nimeyaleta mazungumzo haya kwa sababu ya swali moja. Wiki chache zilizopita umeme ulikatika mtaani kwetu wakati wa chakula cha usiku. Tukawasha mshumaa, tukaubandika kwenye kisosi katikati ya meza. Mjukuu wangu, mwenye miaka minane, akaacha kula. Akautazama moto kwa muda mrefu, halafu akasema: "Babu, kinachoungua ni utambi au ni nta? Kama ni utambi, mbona hauishi? Na kama ni nta, mbona moto hauko kwenye nta?"

Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Jibu nilikuwa nalo, lakini lilikuwa jibu la kukariri. Nililisoma, nikaliandika ubaoni, watoto wakalinakili, na mimi mwenyewe sikuwahi kukaa mbele ya mshumaa nikautazama kama yule mtoto alivyoutazama. Nikamwambia: "Maliza wali wako. Tukimaliza, tutauuliza mshumaa wenyewe."

Swali hilo si la kitoto hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1860, jijini London, mwanasayansi Michael Faraday alisimama mbele ya vijana katika taasisi iitwayo Royal Institution akiwa na mshumaa. Alikuwa na umri wa miaka 69. Ndiye aliyegundua namna ya kuzalisha umeme kwa sumaku, na angeweza kuwaeleza vijana wale mambo makubwa ya kushangaza. Akachagua mshumaa. Akatoa mihadhara sita juu yake, ikachapishwa kitabu mwaka 1861, na kitabu hicho kinasomwa mpaka leo. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi. Hakusoma chuo chochote. Alijifunza kwa kusoma vitabu alivyokuwa akivijalidi akiwa mwanafunzi wa kazi kwa fundi. Labda ndiyo maana aliheshimu kitu kidogo kilicho karibu na mkono wa kila mtu.

Basi tufanye jaribio la kwanza. Uache mshumaa uwake dakika mbili tatu, mpaka nta iliyoyeyuka ifanye kidimbwi kuzunguka utambi. Sasa washa njiti ya kiberiti, uishike tayari. Uzime mshumaa kwa pumzi ndogo, usipulize kwa nguvu. Unaona uzi wa moshi mweupe unapanda kutoka kwenye utambi? Upesi, peleka njiti yako ndani ya moshi ule, juu ya utambi kwa upana wa vidole viwili. Utambi wenyewe usiuguse.

Umeona? Moto umeruka. Umeshuka kwa kuufuata moshi hadi kwenye utambi, na mshumaa umewaka tena bila njiti kuugusa.

Moshi ule mweupe si sawa na moshi wa kuni. Ni nta. Ilikuwa imechemka ikawa mvuke, na moto ulipozimika mvuke huo ukapoa hewani ukawa chembe ndogo ndogo, kama mvuke wa chungu unavyogeuka ukungu ukitoka kwenye mfuniko. Mvuke huo wa nta ndio unaoungua. Nta ngumu haiungui. Jaribu kuweka njiti kwenye ubavu wa mshumaa, utaona inayeyuka tu na kuchuruzika. Hata nta iliyoyeyuka haishiki moto pale kwenye kidimbwi chake. Ni lazima ipande, ichemke, iwe mvuke, ikutane na hewa.

Inapandaje? Mtu anayefua anajua. Pindo la kanga likichovya ndani ya beseni, ukirudi baada ya muda utakuta maji yamepanda sehemu kubwa ya kitambaa iliyo juu kabisa ya maji. Hakuna aliyeyavuta. Kimiminika hung'ang'ania nyuzi na kujipandisha katika nafasi nyembamba zilizo kati yao. Utambi ni nyuzi za pamba, na nta iliyoyeyuka huupanda vivyo hivyo. Ikifika juu inakutana na joto, inachemka, inaungua. Joto la kuungua kwake linashuka na kuyeyusha nta nyingine, nayo inapanda kushika zamu. Moto wa mshumaa unajipikia chakula chake wenyewe, kidogo kidogo, kwa kiasi unachoweza kula. Ndiyo sababu mshumaa haulipuki kwa pamoja, wala haukosi chakula mpaka nta iishe.

Sasa uutazame mwali wenyewe. Usiutazame kama doa la mwanga, utazame sehemu zake. Chini kabisa, pembeni ya utambi, pana rangi ya buluu hafifu. Katikati, kuzunguka utambi, pana eneo la kiza, kana kwamba moto una tundu. Juu ya hapo ndipo ilipo manjano yenye kung'aa, hiyo inayotupa mwanga mezani.

Lile eneo la kiza limejaa mvuke wa nta ambao bado haujaungua, kwa sababu oksijeni ya hewani haijaufikia. Faraday aliwaonyesha vijana wake kwa mrija wa kioo. Alichomeka ncha moja katika kiza kile, mvuke ukapita ndani ya mrija, akauwasha kwenye ncha ya pili. Moto mmoja ukazaa mwingine mbali na utambi.

Ile buluu ya chini iko mahali ambapo hewa safi inaingia kwa wingi. Hapo mvuke unakutana na oksijeni ya kutosha na kuungua vizuri. Mwanga wa buluu unatolewa na vipande vya molekuli, vya kaboni na hidrojeni, wakati vikivunjika na kuungana na oksijeni.

Na manjano? Hapa chukua kijiko cha chuma kilicho baridi, ushike mpini wake kwa kitambaa, ukipitishe katikati ya manjano kwa kuhesabu moja, mbili. Kigeuze. Kimekuwa cheusi: ni masizi. Sasa kifute, ukishike juu ya ncha ya mwali, pasipogusa moto. Kama mshumaa umetulia, utapata masizi kidogo sana au usiyapate kabisa.

Jambo hili lilinifanya ninyamaze usiku ule. Masizi yamo ndani ya mwali, lakini hayatoki nje. Yanazaliwa katikati, ambapo joto ni kali na oksijeni ni haba, mvuke wa nta unapovunjika na kaboni yake kujikusanya kuwa chembe ndogo mno. Chembe hizo hupanda zikiwa na joto la nyuzi kama 1,200 za Selsiasi, nazo zinang'aa kama chuma kinavyong'aa katika tanuri la mhunzi. Zikifika ukingoni zinakutana na oksijeni, zinaungua na kutoweka. Mwanga tunaosomea ni mng'ao wa masizi katika safari yake fupi kati ya kuzaliwa na kuungua. Aliyelieleza jambo hili mapema ni Humphry Davy, mwalimu wa Faraday, katika utafiti wake wa miali ya moto wa mwaka 1817. Na mwaka 2011 mtafiti Wuzong Zhou, wa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, alichukua chembe kutoka katikati ya mwali wa mshumaa akakuta miongoni mwake zimo almasi ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ni kaboni ileile ya almasi ya mgodi wa Mwadui, ila hizi huungua karibu zote kabla hazijatoka kwenye moto.

Ukilielewa hili, umeielewa pia koroboi, yaani kibatari. Wengi wetu tulisoma kwa mwanga wa kibatari, na asubuhi tukipenga kamasi tunakuta nyeusi. Dari la chumba lilikuwa jeusi, ukuta ulikuwa mweusi, na pafu la mtoto aliyekuwa akifanya hesabu zake pale halikusalimika. Kibatari hakina kitu cha kuiongoza hewa. Utambi wake mnene unaleta mafuta mengi kuliko oksijeni inayofika, na masizi yanatoka nje kabla ya kuungua. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba katika taa za aina hiyo, kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta ya taa hugeuka masizi na kuingia hewani. Taa ya chemni ni afadhali kwa sababu kioo chake kinafanya kazi ya dohani. Hewa moto inapanda kwa kasi ndani ya kioo na kuvuta hewa safi kutoka chini, hivyo masizi yanapata oksijeni ya kuyamaliza. Bibi zetu waliopunguza utambi kila taa ilipoanza kutoa moshi walikuwa wanapatanisha mafuta na hewa, na mikono yao ilijua kazi hiyo barabara.

Turudi mezani. Kwa nini mwali una ncha? Kwa nini unaelekea juu siku zote, hata ukiuinamisha mshumaa?

Hewa iliyopashwa joto hutanuka, inakuwa nyepesi, na hewa baridi iliyo nzito inashuka na kuisukuma juu. Kuuzunguka mshumaa wako sasa hivi kuna mto wa hewa unaoingia chini na kutokea juu, usiouona. Mto huo ndio unaouvuta mwali uwe mrefu na kuuchonga ncha, ndio unaopandisha masizi, ndio unaoleta oksijeni mpya. Na mto huo upo kwa sababu dunia inavuta kizito kwa nguvu zaidi kuliko chepesi.

Ukiuondoa mvuto huo itakuwaje? Watu wamejaribu. Mwaka 1992 mishumaa iliwashwa ndani ya chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia, na mwaka 1996 mwanaanga Shannon Lucid aliiwasha tena katika kituo cha Mir cha Warusi. Huko juu, chombo na kila kilichomo vinaanguka pamoja kuizunguka dunia, na kwa hiyo hewa moto haina sababu ya kupanda wala hewa baridi haina sababu ya kushuka. Mwali ukawa wa duara kama kichwa cha uyoga, mdogo, mtulivu, wa rangi ya buluu. Manjano ilitoweka, na ncha haikuwepo. Oksijeni ilikuwa inaufikia moto polepole, kwa kupenya tu, kama harufu ya marashi inavyosambaa chumbani bila upepo. Kumbe umbo ambalo kila mtoto huchora anapochora moto ni umbo la moto ulioko duniani.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta hasa mbele ya maikrofoni.

Kila mwaka nilikuwa nafanya jaribio moja darasani, na naamini nawe umelifanya. Unaweka mshumaa kwenye sahani, unamimina maji kidogo, unauwasha, unaufunika kwa glasi. Mshumaa unafifia, unazimika, na maji yanapanda ndani ya glasi. Nilikuwa nawaambia wanafunzi: "Oksijeni imeungua yote, maji yamechukua nafasi yake. Pimeni: moja ya tano. Hiyo ndiyo oksijeni iliyomo hewani." Waliandika, walijibu hivyo kwenye mtihani, na mimi niliwapa alama.

Mwaka mmoja msichana aliyekaa dawati la nyuma alisimama akauliza: "Mwalimu, mbona maji hayakupanda mshumaa ulipokuwa unawaka? Yamepanda baada ya kuzimika." Nilimwambia akae, nikaendelea na somo.

Usiku ule wa umeme kukatika nilifanya jaribio lile na mjukuu wangu, na kwa mara ya kwanza niliangalia. Wakati wa kufunika glasi, viputo kadhaa vilitoka chini ya ukingo wake. Mshumaa ulipokuwa unawaka, maji yalijisogeza kidogo tu. Ulipozimika, ndipo yalipopanda kwa haraka. Kama kupanda kungetokana na oksijeni inayoliwa, maji yangepanda taratibu kwa muda wote moto unapokula, na kusimama moto unapokufa. Ilikuwa kinyume chake.

Sababu kubwa ni joto. Unapoishusha glasi juu ya moto, hewa ndani yake ni ya moto na imetanuka, na sehemu yake inatoroka; ndivyo vile viputo. Moto ukizimika, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa. Mvuke wa maji uliotokana na kuungua nao unapoa na kuwa matone kwenye kioo. Ndani panabaki nafasi, na hewa ya nje inayasukuma maji yaingie. Oksijeni yenyewe haikwisha. Mwali wa mshumaa huzimika oksijeni inaposhuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 16. Na ile iliyotumika haikuacha pengo la ukubwa wake, kwa kuwa sehemu yake kubwa imerudi ikiwa kaboni dioksidi. Nta ya kawaida ya parafini, yenye kaboni 25 katika molekuli yake, hutumia molekuli 38 za oksijeni na kutoa 25 za kaboni dioksidi. Hata oksijeni yote ya glasi ingeungua, pengo lisingefika moja ya tano.

Kama unataka uthibitisho usiohitaji hesabu, tumia mishumaa mitatu mifupi chini ya glasi ileile. Oksijeni iliyomo ni ileile, lakini maji yatapanda juu zaidi, kwa kuwa hewa iliyotoroka ni nyingi zaidi. Mjukuu wangu aliweka alama kwa kalamu kwenye glasi. Alama mbili zile bado zipo kabatini, na sitaki zifutwe.

Walimu wenzangu mlioko kazini, nawaomba kwa moyo wote: msiliache jaribio hili, lifanyeni. Lakini lifanyeni kwa mshumaa mmoja, halafu mitatu, na kabla ya kueleza lolote waulizeni watoto wameona nini, lini, na kwa mpangilio upi. Mshumaa na glasi ni maabara ambayo hata shule isiyo na maabara inayo. Tukiitumia kuthibitisha sentensi iliyokwisha andikwa ubaoni, tunawafundisha watoto kutoamini macho yao.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kuona. Shika glasi baridi juu ya mwali kwa sekunde chache, ndani patafunga ukungu. Maji yametoka kwenye moto. Sasa ipumulie glasi nyingine: ukungu uleule. Mshumaa unachukua oksijeni na kutoa maji na kaboni dioksidi, nawe hivyo hivyo, kwa chakula ulichokula jioni hii. Faraday alihitimisha mihadhara yake kwa kuwaonyesha vijana udugu huo. Na kabla yake, mwaka 1771, huko Leeds, Uingereza, mwanasayansi Joseph Priestley alikuwa ameweka tawi la mnanaa ndani ya hewa ambamo mshumaa ulizimika. Siku kumi baadaye mshumaa mwingine ukaweza kuwaka humo. Majani yalikuwa yameirudisha hewa.

Na swali la mjukuu wangu? Jibu lipo kwenye ncha ya utambi. Iangalie: imejipinda, na mwisho wake mwekundu unachungulia nje ya mwali. Sehemu iliyo ndani ya mwali haiungui kwa sababu inapozwa na nta inayochemka, na oksijeni haijafika hapo. Ile inayotokeza ukingoni inakutana na oksijeni na kuwa majivu. Utambi wa mishumaa ya leo umesukwa makusudi ili ujipinde hivyo. Zamani, kabla ya kusukwa, watu walikaa na mkasi na kuukata kila mara ili mshumaa usitoe moshi. Kwa hiyo, mjukuu wangu, vyote viwili vinaungua: nta kwa wingi, ikiwa mvuke, na utambi kidogo kidogo, kwa kadiri mshumaa unavyopungua. Uliuliza vizuri.

Mwingine pia aliuliza vizuri. Yule msichana wa dawati la nyuma sasa ni mama mtu mzima, mahali fulani. Kama una redio karibu, dada, na unaikumbuka sauti hii: uliona sawasawa. Maji yalipanda baada ya mshumaa kuzimika. Nilipaswa kuwasha mshumaa wa pili, nikakwambia ukae. Leo, mbele ya wasikilizaji wote, nakuomba radhi, na nakuomba usimame.

Msikilizaji, zima mshumaa wako sasa, polepole, na uutazame ule uzi mweupe mpaka uishe. Usiku mwema.